Je, Wajua? Moyo Wenye Kuta Nene, Ugonjwa wa Ukoo Mzima

Tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72 ya nusu fainali ya Kombe la Mabara kati ya Kameruni na Kolombia, Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, Ufaransa, bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo uitwao kadiomayopathi haipatrofiki, ambao madaktari huufupisha HCM. Ugonjwa huu unapimika, unadhibitika, na wengi walio nao wanazeeka. Kinachowaponza watu ni kutojua. Basi tujue.

MOYO WENYEWE

Je, wajua kwamba ukuta wa chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, kwa mtu mzima huwa na unene wa takriban milimita 6 hadi 11? Ukifika milimita 15 au kupita hapo, na hakuna presha ya muda mrefu wala valvu iliyobana ya kulaumiwa, daktari huanza kufikiria HCM. Kwa mtu ambaye mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto wake tayari anao, milimita 13 zinatosha kuleta shaka.

Je, wajua kwamba unene huo mara nyingi hauenei sawasawa? Sehemu inayonenepa zaidi ni kiambaza kinachotenganisha chumba cha kushoto na cha kulia. Wapo pia ambao unene uko kwenye ncha ya moyo tu. Madaktari wa Japani waliieleza aina hiyo katika miaka ya 1970, na huko bado inaonekana sana.

Je, wajua nani aliuweka ugonjwa huu wazi? Ni Donald Teare, daktari mchunguzi wa maiti jijini London. Mwaka 1958 alichapisha ripoti ya vijana wachache, wengi wao wakiwa wamekufa ghafla, ambao mioyo yao ilikuwa imenenepa upande mmoja. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walieleza familia moja ambamo ugonjwa huo uliwagusa watu kadhaa. Tangu hapo swali la ukoo halijaondoka mezani.

Je, wajua ugonjwa huu si wa nadra kama unavyodhaniwa? Utafiti wa vijana nchini Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta takriban mtu 1 katika kila 500 ana ukuta mnene wa aina hii. Kwa kiwango hicho, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ukijaa watu 60,000, watu 120 kati yao wana HCM.

Je, wajua kinachoonekana chini ya hadubini? Seli za misuli ya moyo wenye afya hujipanga sambamba. Katika HCM zimekaa shaghalabaghala, kama matofali yaliyojengwa na fundi asiyetumia kamba. Mpangilio huo mbovu, pamoja na makovu yanayoota kati ya seli, huvuruga umeme wa moyo na kuzaa mapigo ya hatari.

Je, wajua moyo huu kwa kawaida hauna udhaifu wa kubana? Kwa wagonjwa wengi unabana kupita kiasi, na kinachoushinda ni kulegea ili upokee damu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusomewa ripoti kwamba moyo wake unasukuma vizuri sana, ilhali akipanda ngazi anatweta. Ripoti hiyo ni ya kweli, na kutweta kwake pia ni kwa kweli. Asiambiwe anajidekeza.

Je, wajua kwamba kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa njia ya damu inayotoka moyoni hupata kizuizi? Ukuta mnene huibana njia, na ulimi wa valvu ya mitrali huvutwa hadi kuugusa ukuta huo moyo unapopiga. Kwa karibu nusu ya hao, kizuizi hakionekani mtu akiwa amelala kitandani kwa utulivu. Hujitokeza akisimama, akijikamua au akifanya mazoezi.

DAMU NA UKOO

Je, wajua kwamba kila mtoto wa mzazi mwenye jeni la HCM ana nafasi ya asilimia 50 ya kulirithi? Awe wa kike au wa kiume, wa kwanza au kitinda mimba, nafasi ni hiyo hiyo. Wala aliyezaliwa kabla yake kuwa salama hakumkingi yeye.

Je, wajua jeni la kwanza la HCM lilijulikana lini? Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Christine na Jonathan Seidman wakiwa miongoni mwao, waliufuata ugonjwa katika ukoo mmoja wa Wakanada wanaozungumza Kifaransa hadi kwenye kromosomu ya 14. Mwaka uliofuata walilitaja jeni lenyewe: MYH7, linalotoa maelekezo ya kutengeneza miosini, protini inayofanya misuli ivute. Leo MYH7 na MYBPC3 ndiyo majeni mawili yanayoongoza kwa kusababisha HCM.

Je, wajua ndugu wawili wenye kasoro ileile ya jeni wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa? Mmoja anazimia akiwa na miaka 16, mwingine anafika miaka 70 bila hata kikohozi cha kumpeleka hospitali. Kwa hiyo afya ya kaka mkubwa haimwondolei mdogo wake haja ya kupimwa.

Je, wajua Afrika Kusini imetoa somo ambalo dunia nzima inalitumia? Watafiti wa huko walikuta familia zenye kasoro katika jeni la TNNT2, ambamo kuta za moyo huwa hazijanenepa sana, ilhali vijana wake hufa ghafla kwa wingi. Unene peke yake, basi, haupimi hatari yote. Historia ya ukoo nayo ni kipimo.

Je, wajua kwamba takriban asilimia 4 ya watu wenye asili ya Asia Kusini wana upungufu wa herufi 25 za kinasaba katika jeni la MYBPC3? Watafiti walioutangaza mwaka 2009 waliuhusisha na hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya misuli ya moyo. Jambo hili linazihusu pia familia zenye asili ya Kihindi na Kipakistani za Mombasa, Unguja, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Je, wajua rangi ya mtu imewahi kumpotosha msomaji wa majibu ya vinasaba? Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana kasoro ya HCM, kumbe ni tofauti za kawaida zisizo na madhara ambazo watu wengi wenye asili ya Afrika wanazo. Kosa lilitokana na kanzidata za kulinganishia, ambazo hazikuwa na watu weusi wa kutosha. Sayansi ya vinasaba inatuhitaji Waafrika ndani yake ili itutendee haki.

Je, wajua kipimo cha jeni huanza na nani? Huanza na mgonjwa mwenyewe, si na jamaa aliye mzima. Kasoro ikionekana kwa mgonjwa, ndipo ndugu hupimwa kama wanayo ileile, na asiyekuwa nayo huachana na kliniki za kila mara. Isipoonekana, na kwa wagonjwa wengi haionekani, familia huendelea kufuatiliwa kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na eko, picha ya moyo.

Je, wajua ratiba ya ukoo? Mzazi, ndugu na mtoto wa mgonjwa hupimwa mara tu ugonjwa unapogundulika. Wakikutwa salama, watoto na vijana hurudia kila mwaka 1 hadi 2, watu wazima kila miaka 3 hadi 5. Moyo uliokuwa sawa ukiwa na miaka 12 unaweza kunenepa wakati wa kubalehe, na mwingine hungoja hadi utu uzima.

Je, wajua paka nao wanaupata? HCM ndiyo ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa paka. Mwaka 2005 watafiti walikuta kasoro ya jeni la MYBPC3 katika paka wa aina ya Maine Coon, jeni lilelile linalowasumbua binadamu.

DALILI ZINAZODANGANYA

Je, wajua wengi hawana dalili yoyote? Hugundulika kwa bahati: wanapopimwa kabla ya upasuaji mwingine, wanapojiunga na timu au jeshi, au ndugu yao anapougua.

Je, wajua dalili kuu ni zipi? Kuishiwa pumzi kwa kazi ambayo wenzako wanaifanya bila shida, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, kizunguzungu na kuzimia. Wengine huzidiwa baada ya kula mlo mzito, kwa kuwa damu nyingi huelekea tumboni.

Je, wajua kuzimia kunakotisha kuliko kote? Ni kule kunakotokea mtu akiwa katikati ya juhudi au mara tu baada yake: anakimbia, anabeba maji, anacheza mpira, anapanda mlima. Mtoto wa namna hii hupewa dawa za kifafa, au huambiwa ana mapepo, wakati hakuna aliyeupima moyo wake. Kama una mtoto anayezimia akikimbia, nakuomba usiondoke hospitali kabla hajapigwa ECG.

Je, wajua pumu nayo husingiziwa? Kijana anatweta uwanjani, anapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na hapati nafuu. Dawa ya pumu isipomsaidia mtu anayetweta kwa juhudi, moyo wake unastahili kuangaliwa.

Je, wajua daktari anaweza kuupata ugonjwa huu kwa sikio? Kwenye HCM yenye kizuizi kuna sauti ya ziada kifuani ambayo huongezeka mgonjwa anaposimama au kujikamua, na hupungua anapochuchumaa. Sauti za valvu nyingi hufanya kinyume. Kipimo hicho hakina gharama, na hata zahanati isiyo na umeme inaweza kukifanya.

VIPIMO

Je, wajua ECG ya dakika chache huonyesha dosari kwa wagonjwa walio wengi? Wakati mwingine hata huitangulia picha: umeme wa moyo unabadilika kabla ukuta haujanenepa. Italia iliweka sheria ya kuwapima wanamichezo kwa ECG tangu mwaka 1982. Katika mkoa wa Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa asilimia 89 katika miaka iliyofuata.

Je, wajua eko ndiyo mzizi wa utambuzi? Ni ultrasaundi ya moyo, haiumi na haina mionzi. Hupima unene wa ukuta, huangalia valvu, na hukadiria kizuizi. Kizuizi cha milimita 30 za zebaki au zaidi huhesabika, na kikifika 50 huku dalili zikiendelea licha ya dawa, mazungumzo ya upasuaji huanza. Mgonjwa apimwe pia akijikamua na akiwa amesimama, maana eko ya kitandani pekee hukosa kizuizi kwa wengi.

Je, wajua MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona nini ambacho eko haioni? Makovu ndani ya misuli, na unene uliojificha kwenye ncha. Makovu yakienea sana, hatari ya mapigo mabaya huongezeka, na hilo hubadilisha uamuzi wa matibabu.

Je, wajua kuna kipimo unachokwenda nacho nyumbani? Huitwa Holta. Ni kijisanduku kinachobandikwa kifuani na kurekodi kila pigo kwa saa 24 hadi 48, ukiwa sokoni, kazini au usingizini. Kazi yake ni kuyanasa mapigo ya hatari ambayo hayajitokezi ukiwa mbele ya daktari.

Je, wajua presha huuficha ugonjwa huu? Presha ya muda mrefu nayo hunenepesha moyo, na kwetu ni jambo la kila siku. Ukuta mnene kwa mtu mwenye presha mara nyingi ni wa presha. Lakini ukuta ukizidi mno, au presha ikiwa ya juzi tu, au mtu akiwa kijana, au ukoo ukiwa na vifo vya ghafla, jibu la presha halitoshi.

Je, wajua mazoezi makali nayo hunenepesha moyo? Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008, asilimia 18 ya wanamichezo weusi walikuwa na ukuta unaozidi milimita 12, dhidi ya asilimia 4 ya wazungu. Kutenganisha moyo wa mazoezi na moyo mgonjwa hutaka mtaalamu, ili kijana asinyimwe riziki yake bure wala asirudishwe uwanjani kwenye hatari. Njia mojawapo ni kumpumzisha miezi kama 3 na kupima tena: moyo wa mazoezi hupungua, wa HCM haupungui.

Je, wajua kuna magonjwa yanayojifanya HCM? Ugonjwa wa Fabry hujaza mafuta ndani ya seli za moyo, na amiloidi hujaza protini zilizoharibika. Kwenye eko yote huonekana kama ukuta mnene, lakini dawa zake ni nyingine kabisa. Ganzi au maumivu ya mikono na miguu, figo kuharibika na ripoti ya ECG yenye mawimbi madogo kuliko ukuta unavyoonekana humwamsha daktari mwangalifu.

DAWA NA KISU

Je, wajua dawa ya kwanza ni ya bei nafuu na ya zamani? Ni dawa za kuzuia beta, kama propranololi, metoprololi na bisoprololi. Hupunguza kasi ya moyo ili upate muda wa kulegea na kujaa damu. James Black, mgunduzi wa propranololi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Asiyezivumilia anaweza kupewa verapamili au diltiazemu.

Je, wajua baadhi ya dawa za presha zinaweza kumdhuru mwenye HCM yenye kizuizi? Amlodipini na nifedipini hutanua mishipa, presha inashuka, na kizuizi ndani ya moyo kinazidi. Dawa kali za kukojoza hupunguza damu inayoujaza moyo, na matokeo huwa yaleyale. Kama umeanza dawa ya presha na sasa unatweta au unazimia kuliko mwanzo, rudi kwa daktari haraka na umweleze hivyo hivyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Je, wajua dawa za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani nazo zimo kwenye orodha ya hatari? Sildenafili hutanua mishipa. Kwa mwenye kizuizi, kidonge kinachomezwa kwa siri kinaweza kumwangusha. Mueleze daktari, hilo ni swali la kawaida kabisa kliniki.

Je, wajua maji ni sehemu ya tiba? Kuharisha, kutapika, jua kali na pombe hupunguza damu inayorudi moyoni au hutanua mishipa, na kizuizi huongezeka. Anayetaka kufunga Ramadhani au Kwaresima azungumze na daktari wake kabla ya mfungo kuanza, ili saa za dawa na kiasi cha maji vipangwe mapema.

Je, wajua upasuaji mkuu wa HCM unabeba jina la mtu aliyekuwa nao? Andrew Glenn Morrow, mpasuaji wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliiendeleza katika miaka ya 1960 njia ya kupitia mshipa wa aota na kukata kipande cha ukuta mnene. Yeye mwenyewe alikuwa na HCM, na alifariki mwaka 1982. Kwenye vituo vyenye uzoefu mkubwa, wanaokufa kwa upasuaji huo leo hawafiki 1 kwa 100.

Je, wajua ukuta unaweza kupunguzwa bila kupasua kifua? Mwaka 1995 Ulrich Sigwart alichapisha njia ya kupitisha mrija kwenye mshipa wa damu hadi moyoni na kudondosha alkoholi safi kwenye mshipa mdogo unaolisha ukuta mnene. Sehemu hiyo hufa, husinyaa, na njia hufunguka. Wengine baadaye huhitaji betri ya moyo, kwa kuwa nyaya za asili za umeme hupita palepale.

Je, wajua dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya chanzo chenyewe cha HCM imeidhinishwa majuzi tu? Ni mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2022 kwa wenye kizuizi na dalili. Huipunguza nguvu miosini inayovuta kupita kiasi. Kwa sababu inaweza kuudhoofisha moyo mno, anayeitumia hupimwa eko kwa ratiba. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wengi wetu, na hilo linapaswa kuzisumbua wizara zetu za afya.

Je, wajua kiharusi kinanyemelea wapi? Takriban mgonjwa 1 kati ya 4 au 5 hupata mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ambamo damu hutuama na kuganda. Kwa mwenye HCM, mtetemo huo unatosha kuanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, hata akiwa kijana na hana presha wala kisukari. Aspirini haitoshi.

Je, wajua kuna kifaa kinachoishi kifuani na kuushtua moyo ukipoteza mwelekeo? Michel Mirowski, mzaliwa wa Warsaw, ndiye aliyekipigania, na cha kwanza kiliwekwa kwa binadamu mjini Baltimore mwaka 1980. Hakiponyi HCM, lakini pigo baya likianza hupiga shoti ndani ya sekunde chache.

Je, wajua nani anahitaji kifaa hicho? Aliyewahi kusimama moyo akazinduliwa huwa wa kwanza. Kwa wengine daktari hutazama: kifo cha ghafla cha ndugu wa karibu aliyekuwa na umri mdogo, kuzimia kusikoelezeka, ukuta wa milimita 30 au zaidi, mapigo ya hatari kwenye Holta, makovu mengi kwenye MRI, ncha ya moyo iliyotuna, na moyo ulioanza kuchoka kusukuma. Alama hizo hupimwa upya kila mwaka 1 au 2, kwa sababu hatari hubadilika.

KUISHI NAYO

Je, wajua kitanda si tiba? Kwa miaka mingi wenye HCM walikatazwa karibu kila zoezi. Utafiti wa watu 1,660 uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba waliofanya mazoezi makali, wakiwa wanafuatiliwa na wataalamu, hawakupatwa na matukio hatari zaidi ya waliofanya ya wastani au wasiofanya kabisa. Kutembea, kuendesha baiskeli na kazi za kawaida zinafaa kwa wengi. Mashindano yanahitaji mazungumzo ya kina na daktari wa moyo.

Je, wajua wanawake wengi wenye HCM hubeba mimba na kujifungua salama, tena kwa njia ya kawaida? Wanachohitaji ni mpango wa mapema: eko kabla ya kushika mimba, dawa za beta kuendelea kwa usimamizi, na kujifungulia kwenye hospitali yenye daktari wa moyo na wa usingizi. Huko upungufu wa maji na wa damu hurekebishwa haraka, maana moyo huu hauvumilii kupungukiwa.

Je, wajua kwa matibabu ya sasa, vifo vinavyotokana na HCM kwa watu wazima wanaofuatiliwa vizuri havifiki 1 kwa 100 kwa mwaka? Wengi huishi umri wa kawaida. Aliyepewa jina la ugonjwa huu leo ana haki ya kuambiwa ukweli huo kabla hajatoka chumba cha daktari.

Je, wajua cha kufanya mtu akianguka na hapumui? Piga kelele za msaada, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Kila dakika inayopita bila shoti hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Shule, viwanja na misikiti na makanisa makubwa vinastahili kuwa na mashine ya kushtua moyo na watu wanaojua kuitumia.

Je, wajua huduma ziko karibu kuliko zamani? Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pembeni ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, ilianza mwaka 2015. Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago, na Kenya ina hospitali za rufaa za Kenyatta jijini Nairobi na Moi huko Eldoret. Nchini Misri, Kituo cha Moyo cha Aswan alichokiasisi mpasuaji Magdi Yacoub kina huduma maalumu ya HCM, upasuaji wa ukuta ukiwemo.

Je, wajua kipimo muhimu kuliko vyote kimo vinywani mwa wazee wako? Kijana akifa ghafla, mara nyingi msiba hufungwa kwa kusema amerogwa au siku zake zilifika, na wadogo zake wanabaki bila kupimwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika HCM anayeumbuliwa ni mtoto ambaye hakuficha chochote. Waulize wazee kwa heshima maswali manne. Nani katika ukoo alikufa ghafla kabla ya miaka 50, na alikuwa akifanya nini? Nani alizama majini ilhali alijua kuogelea? Nani alikuwa akizimia akikimbia, akilima au akibeba mzigo? Nani aliwahi kuambiwa ana moyo mkubwa? Andika majina, umri na undugu wao kwako, upande wa baba na upande wa mama, uende na karatasi hiyo kwa daktari. Likipatikana jina hata moja, omba ECG na eko mwezi huu huu, kwako, kwa ndugu zako na kwa watoto wenu.